Udongo wa Kibumba

Mwezi wa tisa mwaka 2001, komanda aliyejiita Zéro Faute aliingia katika nyumba ya Mama Henriette, mtaani Virunga, mjini Goma, bila kubisha hodi. Alikuja na kitanda chake cha chuma, askari wanane, na kinyonga mmoja ndani ya kitundu cha kasuku. Waasi walikuwa wakishika mji kwa mwaka wa nne sasa, na nyumba za matofali hazikuwa nyingi, iliyowapendeza waliichukua. Henriette na mumewe, Papa Kataliko, waliambiwa wahamie jikoni, nyuma ya nyumba yao wenyewe. Watoto wao watatu walikuwa Butembo kwa bibi yao tangu vita vilipoanza. Siku hiyo Henriette alishukuru kwamba hawakuwepo kumwona baba yao akibeba godoro kichwani huku askari wakimcheka.

Kataliko alikuwa fundi wa redio, mtu mpole mwenye pumu ambaye usiku alilala ameketi, mgongo ukutani, ili apate pumzi. Henriette alikuwa mkunga katika materinite ya mtaa, na kazi hiyo ndiyo iliyomponza. Komanda alipoambiwa, alimwita katika saloni, sebule ya nyumba, akamwamuru anyooshe mikono mbele yake. Akaitazama muda mrefu.

"Haitetemeki," alisema. "Hii mikono njo ile nilikuwa natafuta. Kuanzia leo wewe utamulisha Jenerali."

Jenerali alikuwa yule kinyonga. Komanda aliamini kwamba risasi zilimkwepa kwa sababu yake. Kabla ya kwenda vitani alimweka begani akasubiri rangi: akibaki wa kijani, jeshi liliondoka, akigeuka wa kahawia, jeshi lilibaki, na mtu mmoja kambini alichapwa kwa kosa la kuleta mkosi. Aliwaambia askari wake kwamba Jenerali ni dume, na kwamba huko porini Rutshuru alikuwa ameua madume saba. Hakuna aliyeuliza nani aliwahesabu.

Kabla ya Henriette, mtunzaji alikuwa Havugimana, mtu mzima wa Masisi aliyekuwa mchungaji wa ng'ombe kabla ya kuwa askari. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu.

"Nilisahau kitundu inje, mvua ikamunyeshea," alimweleza Henriette siku ya kwanza, bila kuulizwa. "Komanda akaniambia nichague vidole viwili. Nikachagua hivi vya mwisho."

"Na ukabaki naye?"

"Ningeenda wapi, mama? Njo yeye ananilisha."

Henriette akajifunza kazi. Asubuhi alikwenda kwenye nyasi za kando ya barabara kukamata panzi kabla jua halijawapa nguvu za kuruka. Alinyunyizia majani maji kwa mdomo, kwa sababu kinyonga hanywi kikombeni, anaramba matone. Alimzoea kuliko alivyotaka. Alijua jicho moja likimtazama yeye, jingine liko mlangoni. Alijua anavyoshika kidole, polepole, kama mtoto mchanga anayeshika bila kujua ameshika. Mwezi wa kumi na mbili Jenerali alianza kula sana, panzi kumi na tano, ishirini kwa siku, akanenepa ubavuni. Komanda alifurahi, akasema ni nguvu za vita zinakusanyika.

Siku moja kabla ya Noeli askari walileta kinyonga mwingine waliyemkamata Kibati, mwenye pembe tatu puani. Komanda aliagiza wapiganishwe. Askari wakazunguka kitundu, wakaweka dau la sigara. Yule wa pembe alipanda tawi taratibu, akitikisa kichwa juu chini, juu chini. Jenerali akageuka mweusi kama makaa, madoa ya manjano yakamtoka mwili mzima. Akapepesuka huku na huku, akafungua mdomo wote, akafoka kama hewa inayotoka kwenye tairi. Alipokaribiwa, akauma.

"Muone hasira ya kiume!" komanda alipiga kelele. Akamtoa yule wa pembe kitunduni, akamweka sakafuni, akamkanyaga kwa kisigino cha buti, taratibu, kuanzia mkia.

Henriette alikuwa amesimama na sahani ya panzi. Yule aliyekanyagwa hakuwa amekuja kupigana; alikuwa akibembeleza. Na huyu mweusi alikuwa akikataa. Wazo lilimpitia, akaliacha lipite. Katika nyumba ile, aliyejua jambo alikuwa hatarini kuliko asiyejua.

Wiki ya pili ya mwezi wa kwanza, Jenerali aliacha kula. Panzi walitembea juu ya miguu yake, naye hakuwatazama. Akashuka kutoka tawini, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku moja, akaanza kuzunguka chini ya kitundu. Alizunguka asubuhi hadi jioni. Alisimama kona moja, akakwaruza bati kwa mikono ya mbele, akaenda kona nyingine, akakwaruza, akarudi. Kucha zikaanza kutoka damu. Rangi ya kijani ikampotea, akawa na mabaka meusi.

Jumatatu asubuhi komanda alimweka begani. Jenerali akashuka mgongoni, akaanguka sakafuni, akakwaruza simenti.

"Umemupa nini?" komanda alimuuliza Henriette.

"Panzi, komanda. Kama kila siku."

"Munyama yangu inakimbia mwili wangu, na wewe unasema panzi." Hakupandisha sauti. Alimwita Havugimana, akamwambia amlete Papa Kataliko.

Kataliko aliletwa akiwa bado ameshika bisibisi. Kando ya uwanja wa ndege, nyuma ya kambi, kulikuwa na konteneri la chuma ambamo waasi waliwafungia watu. Mji mzima ulilijua.

"Siku tatu," komanda alisema. "Alhamisi Jenerali asipokula, bwana yako pia hatakula tena."

Henriette alipiga magoti. "Komanda, ana pumu. Mule ndani hakuna hewa. Unifunge mimi."

"Wewe nikikufunga, nani atatibu Jenerali?"

Kataliko alimpa mke wake ile bisibisi, kwa sababu hakujua kingine cha kufanya. "Henriette, usilie mbele yao," alimwambia kwa Kinande. Wakamchukua.

Mchana ule Henriette alifunga mlango wa saloni, akamtoa kinyonga kitunduni, akamlaza kiganjani. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amepima matumbo ya wanawake kwa vidole. Akapitisha kidole gumba chini ya ubavu wa yule mnyama, kwa uzito wa karatasi. Akahisi uvimbe mdogo, mgumu, wa duara. Pembeni yake mwingine. Na mwingine. Tumbo lilijaa kama mfuko wa maharage.

Hapo akaelewa yote kwa pamoja: kula sana, kisha kukataa chakula, kumfukuza dume, kushindwa kutulia. Alikuwa amewaona wanawake wa namna hiyo mamia, wanaoshuka kitandani na kutembea korido nzima wakishika kuta, ukiwaambia walale wanakuangalia kama umewatukana. Jenerali hakuwa mgonjwa. Alikuwa jike lenye mayai, na saa yake ilikuwa imefika, na alikuwa akitafuta mahali pa kuchimba. Asipopata, mayai yangebaki ndani na kumwozesha.

Lakini Goma hakuna udongo. Chini ya kila nyumba kuna mwamba mweusi uliomwagwa na mlima wa moto ulio juu ya mji. Anayetaka choo anaajiri watu wenye nyundo. Henriette alijaribu mchanga wa ujenzi ndani ya beseni. Jenerali akachimba, mchanga ukamporomokea, akatoka, akaenda kukwaruza bati.

Jioni alimweleza Havugimana. Yule askari alisikiliza, kisha akachungulia dirishani kama kuna mtu.

"Mama, usimuambie. Nakuomba kabisa. Aliapa mbele ya askari wa batayo mzima kama hii ni dume. Watu walikufa kwa sababu ya rangi ya hii kitu. Ukimuambia ni mwanamuke na iko na mimba, atatuua sisi wote wawili, mimi wa kwanza."

"Nahitaji udongo. Ule mweusi, wenye maji kidogo. Wa Kibumba, kule mashambani kaskazini."

"Basi tafuta uongo."

Henriette akautafuta. Jumanne asubuhi alimwambia komanda kwamba Jenerali amechoka na mawe. Nguvu yake inatoka kwenye ardhi ya kaskazini, na inabidi akanyage udongo wa huko, akiwa amefunikwa kitambaa, pasipo jicho la mtu. Aliona aibu kusema maneno hayo. Komanda aliyasikiliza kama mtu anayesikiliza daktari, akatoa gari.

Kila siku Henriette alipika bugali na sambaza, vile vidagaa vya ziwani, akafunga katika sahani mbili, akampa Havugimana apeleke kwenye konteneri. Kila siku sahani zilirudi tupu, safi. "Anakulaje?" aliuliza. "Anakula muzuri," Havugimana alijibu. Henriette alizishika zile sahani tupu, akapata nguvu ya kukamata panzi.

Udongo ulifika Jumatano mchana, magunia mawili. Ulikuwa laini ajabu, umekwisha kulimwa. Henriette alipoumimina katika ndoo kubwa, likatoka ua la plastiki, jekundu, lenye kipande cha waya. Akachimbua kwa vidole, akapata msalaba wa vijiti viwili vilivyofungwa kwa uzi, mfupi kama kiganja chake.

"Mulitoa wapi?"

Havugimana alitazama pembeni. "Mashamba ilikuwa na watu wanalima, wangepiga makelele. Pale palikuwa pamechimbwa tayari. Dereva alikuwa na haraka."

"Ni kaburi la mtoto."

"Tuliacha mingi, mama. Tulichukua tu ya juu."

Henriette aliuweka ule msalaba mfukoni. Alifikiri juu ya mama mmoja huko Kibumba ambaye kesho angekwenda na jembe lake na kukuta shimo. Kisha akamfikiria Kataliko, akaushindilia udongo kwa ngumi, akamweka kinyonga juu yake, akafunika ndoo kwa kitenge.

Alhamisi, tarehe kumi na saba, asubuhi, mlima ulipasuka. Watu wa mtaa walisimama barabarani wakitazama moshi upande wa kaskazini, wakiulizana kama uji wa moto utafika mjini ama utaishia mashambani. Ardhi ilitetemeka kila nusu saa. Redio ya mkononi ya komanda, ile Motorola, haikunyamaza, askari wakaanza kupakia jeep. Katikati ya hayo yote, ndani ya saloni, Jenerali alichimba. Alizama kichwa kwanza, akitupa udongo nyuma, macho yakiwa yamefungwa kwa vumbi. Alichimba hadi saa sita, mwili wote ukapotea isipokuwa mkia. Kisha akageuka ndani ya shimo, uso ukatazama juu, na akatulia kwa mara ya kwanza baada ya siku tisa. Henriette alikuwa ameketi sakafuni kando ya ndoo. Mikono yake, bila yeye kuiambia, ilikuwa inasaidia hewani.

Mlango ukafunguliwa. Komanda aliingia na askari wanne nyuma yake. Alikuja kumchukua Jenerali waondoke. Akavuta kitenge.

Yai moja jeupe, dogo kama haragwe, lilikuwa linatoka. Chini yake yalionekana mengine.

"Ni nini ile?"

"Mayai, komanda."

Komanda akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika ukuta, hadi machozi yakamtoka, na askari walipomwona anacheka wakacheka nao. Akanyamaza ghafla.

"Nani amewaambia mucheke?"

Akamgeukia Henriette. "Ulijua tangu lini?"

"Jumatatu."

"Na ukaniacha."

"Uliniambia nifanye ale. Akimaliza, atakula."

Komanda alichuchumaa kando ya ndoo. Kinyonga alikuwa amemaliza kutaga. Ubavu wake ulikuwa umeporomoka, ngozi imelegea kwenye mifupa, na kwa miguu ya nyuma alikuwa anarudisha udongo juu ya mayai, anaushindilia, anarudisha. Komanda alimwacha afanye kwa muda. Alitazama kwa makini, karibu kwa upole. Kisha akaonyesha jikoni. Juu ya mbabula, jiko la makaa, palikuwa na sufuria ya maji ya bugali, yanachemka.

"Leta. Mwaga humu."

"Komanda, mume wangu…"

"Mwaga kwanza, halafu tutaongea ya bwana yako."

Henriette alileta sufuria. Alisimama nayo. Askari mmoja, aliyekuwa amecheka sana kuliko wenzake, aligeuza uso. Jicho moja la kinyonga lilikuwa linatazama sufuria, jingine linamtazama yeye.

Akamwaga. Mikono yake haikutetemeka, na kwa hilo hakujisamehe baadaye.

"Sasa nipe mume wangu," alisema.

"Bwana yako iko kwa konteneri. Nenda umuchukue, mimi sikukatazi. Ufunguo iko na Havugimana." Komanda alivaa kofia, akapanda jeep, na jeep ikaondoka kuelekea Sake. Havugimana alikimbia nyuma yake hatua chache, akipunga ule mkono wa vidole vitatu. Hawakusimama.

Henriette, bila hata kusubiri ufunguo, alikuwa tayari barabarani. Mji mzima ulikuwa unakimbia kumkabili: watu na magodoro, na mbuzi, na wazee juu ya machukudu, zile baiskeli za mbao. Kila mtu alimwambia ageuke. Upande wa mtaa wa Majengo uji wa moto ulikuwa umeingia mitaani, unakwenda kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, na nyumba za mbao zilikuwa zinawaka kabla haujazigusa. Karibu na uwanja wa ndege Havugimana alimfikia, akamshika kitenge.

"Mama, usiende. Hakuna kazi ya kwenda."

"Nipe ufunguo."

"Muzee alikufa. Alikufa Jumatatu, jua haijazama. Kifua. Alipiga bati kwa masaa mbili hivi, halafu akaacha."

Henriette alimtazama kama mtu anayesemewa lugha asiyoijua.

"Na chakula?"

"Nilikula mimi."

"Chote?"

"Chote, mama. Komanda njo alisema nisikuambie, ati ukijua hutatibu Jenerali. Na mimi nilikuwa na njaa." Alikuwa analia, kwa hofu ama kwa haya, haikujulikana. "Nakuambia sasa kusudi usife bure."

Vumbi la mlima lilikuwa linawaangukia vichwani. Henriette aliuliza, "Kuna wengine mule ndani?"

"Wanne."

"Wazima?"

"Jana walikuwa wazima."

Akafungua kiganja. Havugimana akaweka ufunguo, akageuka, akakimbia na watu.

Konteneri lilikuwa limekwisha kuwa moto kwa nje; ilibidi Henriette afunge kitambaa cha kichwa mkononi ili ashike kufuli. Ndani walikuwa wanapiga kwa viatu. Mlango ulipofunguka ilitoka harufu kwanza, kisha watu wanne, mmoja akimvuta mwenzake. Hakuna aliyemshukuru, hakuna aliyemuuliza jina. Kataliko alikuwa mwishoni, ameketi, mgongo kwenye bati, shati lake mwenyewe limefunika uso. Wenzake ndio waliomfunika.

"Baba zangu, munisaidie kumubeba!" Henriette aliita. "Mutu mumoja tu!"

Mmoja aligeuka, akautazama ule moto uliokuwa unapanda uzio wa uwanja, umbali wa mtupo wa jiwe au mawili. "Mama, muache," alisema, akaenda zake.

Alimshika kwapani, akamvuta. Siku tatu za joto zilikuwa zimemfanya mume wake mzito na asiyeshikika. Alimfikisha mlangoni. Nywele zake Henriette zilianza kunuka moto. Akamlaza, akafikiri aseme sala, hakuipata hata moja. Akamwacha pale na kukimbia.

Alilala Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, siku mbili, chini, kati ya maelfu. Aliporudi, mtaa wa Virunga ulikuwa uwanda mweusi unaofuka moshi, na konteneri lilikuwa limefunikwa pasipo hata alama. Komanda hakupatwa na lolote. Amani ilipotiwa saini mwaka uliofuata, waasi waliingizwa katika jeshi la taifa, naye akapewa ukoloneli.

Mwezi wa pili, wiki chache baada ya moto, Henriette alipanda lori hadi Butembo kuwaambia watoto. Wadogo walilia wakalala. Mkubwa, Fabiola, mwenye miaka kumi na nne, hakulia. Alitaka kujua kila kitu kwa siku na saa, na Henriette, ambaye hakuwahi kumdanganya mgonjwa, alimwambia yote: konteneri, sahani, kaburi la Kibumba, sufuria.

"Kwa hiyo Papa alikufa Jumatatu," Fabiola alisema.

"Ndiyo."

"Na Jumanne? Na Jumatano?"

"Nilikuwa namzalisha kinyonga."

Msichana akainuka, akachukua blanketi lake, akaenda kulala chumbani kwa bibi yake. Asubuhi mama yake alipomwita amsuke nywele, kama ilivyokuwa kila Jumapili kabla ya vita, alisema atasukwa na bibi.